Ufunguo wa Chumba cha Mbele

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu ambayo bibi zenu waliiona kwa macho, palikuwa na mjane akiitwa Bi Mashavu. Kaeni vizuri. Na wewe hapo acha kutafuna, maana kisa hiki kinaniudhi kila nikikisimulia, na mwisho wake nitawatwisha nyinyi.

Bi Mashavu alikuwa muuza vitumbua katika mji mdogo wa pwani. Mumewe alipofariki, mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, naye akaenda kujibana kwa wifi yake, Bi Siwatu, dada wa marehemu, katika chumba cha kuwekea kuni na masufuria. Huko akaamua kujenga. Asubuhi vitumbua, jioni anafyatua matofali ya udongo kwa mikono yake mwenyewe, hadi kuta zikasimama. Chumba cha nyuma cha kulala. Chumba cha mbele kinachotazama njia, na hicho alikuwa ameshakiota: pale karai la vitumbua, pale benchi la wateja. Kilichobaki ni paa. Matofali yenyewe yalikuwa mabichi, hayakuonja moto, na mnajua masika hufanya nini na ukuta wa tofali bichi ulio wazi. Unarudi kuwa tope.

Basi akaenda kwa Bwana Mahfudhi, muuza vifaa vya ujenzi, akalipia mabati yake yote, hakubakisha hata la mwisho. Bwana Mahfudhi akamwambia, "Nenda kapumzike, mama. Kesho yatakuwa mlangoni kwako."

Kesho ikaja. Mabati hayakuja.

Sasa sikilizeni huyo Mahfudhi alivyokuwa. Angekuwa mkali, ingekuwa nafuu, mtu mkali unajua pa kumshika. Yeye alikuwa mkarimu. Ukiingia dukani kudai chako, anainuka mwenyewe, anakufutia kiti kwa kitambaa, anakuuliza hali ya nyumbani, na kabla hujafungua mdomo kikombe cha kahawa kiko mkononi mwako na kashata kwenye kisahani. Na sisi watu wa pwani mnatujua. Utamgombezaje mtu na kashata yake ingali mdomoni?

Bi Mashavu alikwenda, akafutiwa kiti, akanywa kahawa. "Gari limekwama njiani, mama. Kesho, inshallah." Akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, akafutiwa kiti, akanywa kahawa. "Kombo wa mkokoteni gurudumu limepasuka. Kesho, inshallah." Akarudi mikono mitupu. Akaenda tena, kiti, kahawa, Kombo gurudumu limepasuka. Njiani anajitukana mwenyewe: "Leo kwa nini nimekunywa? Nimekwenda kudai au nimekwenda kutembea?" Na safari nyingine anakunywa tena, kashata ikiwa ya nazi anakula mbili.

Mawingu yakaanza kukaa upande wa kusini. Bi Mashavu akafunika kuta kwa makuti makuukuu na magunia, upepo ukayabeba. Akafunika tena. Usingizi ukampaa.

Ikatokea harusi mtaani. Wanawake wako uani wanapika, Kombo anashusha kuni kutoka kwenye mkokoteni wake, kinyozi Ngwali yuko chini ya ukuta anamnyoa bwana harusi, na Bwana Mahfudhi mwenyewe kakaa mkekani na wazee wenziwe, anacheka. Kile kicheko ndicho kilichomtibua Bi Mashavu. Akainuka na upawa mkononi.

"Jamani, nisikieni nyote! Naweka nadhiri mbele ya Mungu na mbele yenu. Atakayenitolea mabati yangu kwa mtu huyu, chumba changu cha mbele ni chake. Akae, auze, afanye atakalo, sitamdai kodi mpaka nife."

Nadhiri si maneno ya kutania, na ile ilisikiwa na kila sikio. Bwana Mahfudhi naye aliisikia. Akatabasamu, akasema, "Bi Mashavu mwenzetu ana hasira leo. Mpeni maji." Na Bi Mashavu, nawaambieni ukweli, akayapokea maji.

Alhamisi yake Bi Siwatu akaamka na daku. Alifunga kwa ajili ya thawabu au kwa ajili ya mabati, ajuaye ni Mola wake. Akamwambia wifi yake, "Jitande twende."

Wakaingia dukani. Bwana Mahfudhi akafuta viti viwili. "Karibuni, karibuni, watu wa nyumbani! Kahawa hii hapa."

"Nimefunga," akasema Bi Siwatu.

"Mashallah. Basi chukua kashata ukafuturie."

"Bwana Mahfudhi, nimefunga kula. Kusema sikufunga. Mabati ya wifi yangu yako wapi?"

Akaanza gari, Bi Siwatu akamkata. Akaanza gurudumu, akamkata. Sauti ilipanda mpaka wapita njia wakajaa mlangoni. Bi Mashavu alitamani sakafu ipasuke imfiche, na alipotazama mkononi akaona ameshashika kikombe, na kimefika nusu. Bi Siwatu hakumngoja. Akapita mpaka nyuma ya duka, akalifunua turubai, na chini yake mabati, mapya, yanametameta, yamefungwa kwa waya.

"Haya ni nini? Ni bakuli za uji?"

"Hayo ya Ngwali kinyozi," akasema Bwana Mahfudhi. "Amelipia."

"Na wifi yangu hakulipia?"

"Amelipia pia."

"Aliyetangulia kulipa nani?"

Bwana Mahfudhi akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Dada yangu, nielewe. Ngwali anaoa. Wakwe zake wamesema binti yao hatoki mpaka nyumba iwe na paa, na wale ni watu wa kelele. Bi Mashavu ni mtu wa nyumbani. Mpole. Nilijua atanivumilia."

Hapo ndipo Bi Mashavu alipokiweka kikombe chini. Maneno yale yalimwingia mwilini kuliko uongo wote wa magurudumu. Kumbe alikuwa akirudishwa nyuma kila siku kwa sababu ya adabu yake!

Watu mlangoni wakapiga makelele, na Bwana Mahfudhi akainua mikono. "Basi, basi! Mbele yenu nyote: mabati haya leo hii yanakwenda kwa Bi Mashavu." Wakashangilia, wakatawanyika. Bi Siwatu akajitanda upya na kumvuta wifi yake wakaondoka.

Na walipopinda kona tu, Bwana Mahfudhi akamwita Kombo wa mkokoteni. "Pakia hayo. Peleka kwa kinyozi, upesi."

Kombo akapakia. Akasukuma mpaka pale njia inapogawanyika. Kulia kwa kinyozi, kushoto kwa Bi Mashavu. Akasimama, akafuta jasho. Yeye alikuwa na lake moyoni. Mji mzima ulikuwa ukimcheka kwa ajili ya gurudumu ambalo halijapasuka hata siku moja. Watu walikuwa wameacha kumpa mizigo: nani ampe mzigo mtu ambaye gurudumu lake hupasuka kila siku? Akakata kushoto.

Alipofika akayashusha mbele ya Bi Mashavu na kusema, "Mama, nimeambiwa nipeleke kwa kinyozi. Nimekuletea wewe. Kesho sina kazi kwa Mahfudhi, lakini angalau leo gurudumu langu limefika mahali." Bi Mashavu alitaka kumkumbatia, akakumbuka ni mwanamume wa watu, akalikumbatia bati.

Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Fundi akaitwa mbio, majirani wakashika ngazi, misumari ikaanza kulia. Paa limefika nusu, mara Ngwali kinyozi huyo anakuja anakimbia, wembe mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja anamfuata anauliza, "Na mimi?"

"Mabati yangu!" akapiga kelele Ngwali. "Shukeni! Hayo yamefungwa kwa jina langu! Wakwe zangu wanakuja kesho Ijumaa kuangalia paa!"

Fundi akasimamisha nyundo. "Bi Mashavu, niyang'oe au nipigilie?"

Bi Mashavu alikuwa amelipa, na Ngwali alikuwa amelipa. Akiyashikilia, anamnyang'anya mtu asiyemkosea lolote. Akiyaachia, usiku ule nyumba yake inalala tope. Akakaa chini kwenye mchanga, akaanza kulia, na kilio kile kilikuwa cha hasira tupu.

Ngwali akapanda ngazi. Watu wakajua anakwenda kuyang'oa. Akafika juu, akachungulia ndani, akaziona zile kuta zenye alama za vidole vya mwanamke kila tofali, akalitazama wingu. Akatukana tusi moja ambalo silirudii mbele ya watoto.

"Pigilia," akamwambia fundi. "Pigilia kabla sijajuta! Na wakwe zangu wakija, mtawajibu nyinyi."

Wakwe wakaja, wakatazama juu, wakaona mbingu, wakarudi na harusi yao. Ngwali akaenda dukani kudai mabati mengine. Akafutiwa kiti. Akapewa kahawa. Kesho, inshallah.

Bi Mashavu akasoma dua ya kuingia nyumba. Pilau ikaliwa barazani, na mikono haijakauka, mzee mmoja akakohoa. "Mama, nadhiri ile tuliisikia. Chumba cha mbele ni cha nani?"

Bi Siwatu akasema: "Changu, kuna la kuuliza? Nani aliyefunua turubai? Bila mimi yangekuwa chini pale bado, na wewe ungekuwa unatafuna kashata. Nimepaza sauti mpaka koo likanivimba, nami siku ile nimefunga. Nataka chumba niweke biashara yangu ya udi. Tena ulikaa kwangu bure, wifi yangu. Sikusimangi, nakukumbusha tu."

Kombo akasema: "Bi Siwatu alifunua turubai, akaenda zake. Alipewa ahadi, na ahadi za Mahfudhi tunazijua. Mabati yalikuwa yanakwenda kulia, niliyeyaleta kushoto ni mimi. Nimefukuzwa, naitwa mwizi sokoni. Nataka pa kulaza mkokoteni wangu na mimi mwenyewe."

Ngwali akasema: "Huyu alileta nini? Alileta mali yangu! Mama, mabati yako hayakutolewa kwa Mahfudhi mpaka leo. Yaliyo juu ya kichwa chako ni yangu mimi, na mchumba wangu yuko kwa baba yake kwa ajili hiyo. Nipe chumba nioe."

Wakaanza kugombana, kila mmoja kidole kwa mwenzake. Mara hodi ikasikika. Bwana Mahfudhi, kanzu safi, marashi, na mkononi kufuli jipya na ufunguo wake.

"Hongera, mama. Zawadi hii kwa ajili ya chumba cha mbele." Akamwekea mkononi, kisha akakaa. "Na kwa kuwa mnazungumza habari ya nadhiri, nami nina neno. Ulisema atakayekutolea mabati. Yametoka duka gani? Ningeweza kumpeleka Kombo polisi siku ile ile, nikayarudisha. Nikanyamaza. Anayekaa kimya mali ikatoka, si ndiye aliyeitoa?"

Watu wakashika vichwa.

Na hapo mvua ikashuka. Ilishuka yote kwa pamoja, ikayapiga mabati hata watu hawasikilizani. Waliokuwa barazani wakakimbia kujikinga, na mlango uliokuwa karibu ni mmoja. Bi Siwatu akaingia chumba cha mbele akasimama kwenye pembe ya udi wake. Kombo akaingia na mkokoteni. Ngwali akaingia akapima kwa macho pa kuweka kitanda. Na Bwana Mahfudhi akaingia akiinua kanzu, akatafuta kiti, akakifuta kwa kitambaa.

Bi Mashavu akabaki mlangoni. Maji yanateremka mbele ya uso wake, kuta zake kavu. Karai lake la vitumbua halina pembe iliyobaki. Anawatazama wote wanne, na ufunguo wa Mahfudhi uko mkononi mwake, na nadhiri iko shingoni mwake, na hakuna hata mmoja anayeonyesha dalili ya kutoka.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua, na koo limenikauka. Msiniletee kahawa, nileteeni jibu. Aliyefunua, aliyeleta, aliyesamehe, na yule aliyenyamaza. Mvua ikikatika, watatu lazima watoke. Je, ufunguo ule nani alistahili kupewa?