Kindi na Simu Isiyojaa

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana simu zilikuwa zimekwisha kufika mwituni, wanyama walikuwa na harusi. Sogeeni karibu. Anayetafuna atafune kimya, sitarudia.

Aliyekuwa anaolewa ni Mwatumu, binti wa Mama Tembo. Alikuwa anaolewa mbali, kwa tembo wa milimani, na huko desturi yao ni ngumu: mke mgeni akishakabidhiwa, harudi kwao kusalimia mpaka ajifungue mtoto wa kwanza. Na mimba ya tembo mnaijua? Karibu miaka miwili!

Shida ilikuwa moja. Mama Tembo alikuwa kitandani. Wiki mbili kabla ya harusi alitumbukia shimoni, kah! mguu ukavunjika. Mganga akamfunga banzi, akamwambia, "Mama, mto huvuki." Na harusi ilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wa Mzee Kifaru, mwenyekiti wa kamati.

Mama Tembo hakulia. Alivua herini zake za shaba, akampa mwanawe avae. Kisha akatuma neno kwa kamati: "Mkaja, haki yangu ya mama mzazi, sidai. Nataka kitu kimoja tu. Nimwone mwanangu anavyokabidhiwa. Mpigeni picha, mniletee."

Basi kamati ikakaa.

"Haya, wajumbe," akasema Mzee Kifaru. "Nani ana simu yenye nafasi?"

Kila mmoja akatazama simu yake.

"Yangu imejaa," akasema Shangazi Twiga. "Hata salamu zikija zinagoma kuingia."

"Imejaa nini, dada?" akauliza Nyati. "Shingo?"

Wakacheka, kwa, kwa, kwa! Shangazi Twiga akageuza uso, na kwa shingo ile, kugeuza uso ni safari.

"Mimi dukani niliapiwa kwamba itanitosha miaka kumi," akanguruma Mjomba Kiboko. "Kumi! Mwezi wa tatu haujaisha, tiii! Imejaa."

"Wanatudanganya," akasema Mzee Kifaru. "Sanduku limeandikwa sitini na nne. Unafika nyumbani, unaiwasha, unakuta simu yenyewe imeshakula robo kabla hujaweka hata picha ya mkeo. Ni kama kununua gunia la mchele ukakuta mwenye duka amelala ndani!"

"Watengeneze kubwa zaidi!"

"Hata wakitengeneza kubwa kama wewe, Mjomba," akasema Nyati, "utaijaza kwa video za matope."

Sasa, pembeni pale, juu ya ungo, alikuwapo Kindi. Alikuwa anachambua mchele. Kila harusi, kila msiba, kila hitima, kazi yake ilikuwa hiyohiyo: "Kindi, wewe mdogo, una macho makali, hebu toa mawe." Akimaliza, wakubwa wanakaa mikeka ya mbele, yeye anakula nyuma ya sufuria. Siku hiyo alikuwa ametoa mawe tangu asubuhi na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Yangu haijai," akasema.

Vichwa vyote vikageuka.

"Umesemaje wewe?"

"Nimesema simu yangu haijai, Mzee." Kindi akasimama juu ya ukingo wa ungo. "Ninyi mnatupiatupia tu vitu. Sisi kindi tangu mababu kazi yetu ni akiba. Nani kati yenu anaweza kupanga karanga mia mbili ndani ya tundu la mti lisiloingia hata kidole cha nyani? Simu ni tundu kama tundu jingine. Kinachotakiwa ni kujua kupanga."

"Lo!" akasema Shangazi Twiga. "Maneno hayo!"

"Basi mpiga picha tumempata," akasema Mzee Kifaru. "Kindi, utakaa mbele, karibu na bibi harusi. Na kula utakula mbele. Wewe Nyati, shika ungo."

Jamani, Nyati na ungo!

Lakini simu ya Kindi ilikuwa imejaa kuliko zote mwituni. Ilikuwa na picha elfu nne, na zote za Kindi. Kindi juu ya tawi. Kindi na karanga. Kindi na karanga ileile, amegeukia upande wa pili. Kindi akijifanya hajui kama anapigwa picha.

"Nitafuta," akajiambia. "Kazi ya dakika moja."

Siku ya kuamkia harusi, mchana, akakaa chini ya mti wake afute. Akafungua ya kwanza. Mh, hapa nilitoka vizuri. Akafungua ya pili. Hapa mkia umekaa. Ya tatu inafanana na ya pili, lakini jicho hapa linang'aa zaidi. Mpaka jua linashuka alikuwa amefuta moja tu, ya karanga iliyotikisika.

Asubuhi ya harusi akafika uwanjani mapema, amechana mkia. Lango la maua lilikuwa limeshasimamishwa. Akawaza, ngoja nijaribu kama mwanga unatosha. Akanyanyua simu, akatabasamu, nyuma yake maua. Kacha!

Na simu ikasema, "Tiii! Nafasi imejaa."

Ile nafasi ya picha moja aliyoifuta jana, ndiyo hiyo ameijaza.

Papo hapo ngoma zikaanza, vigelegele vikapaa, na Mwatumu alikuwa ameshafika langoni. Watu wote wakageuka. Mzee Kifaru akaja akasimama nyuma ya Kindi, anahema, fuuu, fuuu.

"Haya, mpiga picha! Piga!"

Angeweza kusema, "Mzee, nipe dakika, nifute." Ingekuwa aibu ndogo, ya dakika moja. Lakini angefuta mbele za watu, na watu wangeona kilichomo. Na Nyati alikuwa pale, na ungo mkononi, anamtazama.

Kindi akanyanyua simu iliyojaa. Akagonganisha meno.

"Kacha!" akasema kwa mdomo. "Kacha! Kacha!"

Hakuna aliyejua. Meno ya kindi na simu, mlio ni mmoja.

Basi ikawa kazi. Wakubwa wakapanga foleni. "Mjomba Kiboko, funga mdomo." "Nikifunga sionekani kama nimefurahi." "Ukifungua hatuoni harusi. Kacha!" "Shangazi Twiga, inama, kichwa kimebaki nje." "Nimeinama tangu lini, mwanangu!" "Zaidi! Hapo hapo. Kacha!" Mzee Kifaru alitaka kumi za upande wa kulia, maana upande huo pembe yake haina ufa. Akasimama juani mpaka jasho likamtiririka, amevuta tumbo. Nyati akaambiwa apige magoti, akapiga.

Na Kindi, niwafiche nini, alifurahi. Wakubwa hao wote wanainama, wanasimama, wanageuka kwa amri yake! Hata ulipofika wakati wenyewe, wazee wa milimani wakaja, mkonga wa Mwatumu ukawekwa juu ya mkonga wa mkwewe, uwanja wote ukanyamaza, Kindi alikuwa hatazami hapo. Macho yake yalikuwa kwenye kioo kinachosema imejaa, na mkono wake umekifunika asije mtu akachungulia.

"Kacha," akasema.

Na Mwatumu akaondoka na wenyewe, wale wa milimani.

Kindi akala mbele. Sahani mbili. Kisha wakaja.

"Hebu tuone!"

"Bado," akasema Kindi, haraka kama kawaida yake. "Picha nzuri ni kama ndizi. Ukiila leo ni mbichi, inakubana mdomo. Nimeshazivundika. Siku tatu."

"Siku tatu?" akauliza Mzee Kifaru.

"Ukifungua mapema zinaharibika zote. Ukitaka nifungue, nifungue, lakini lawama iwe yako."

"Hapana, hapana! Ziache ziive!"

Wakaenda zao wameridhika. Majitu yenye pembe na misuli, yamedanganywa na mnyama anayekaa ndani ya kiatu.

Siku ile ya harusi Kindi alicheka peke yake juu ya mti mpaka akashika tumbo. Lakini kesho yake asubuhi akaja ndege Kanga, ametumwa.

"Mama Tembo anakusalimu. Anauliza, zimeiva?"

"Bado."

"Amesema hapana haraka. Anauliza tu, mtoto alipendeza?"

"Alipendeza sana," akasema Kindi. Na Kanga alipoondoka, Kindi akairudisha karanga yake tunduni.

Siku ya pili ya kuulizwa, Kanga akaja tena. "Anauliza, zile herini zilimkaa?"

"Zilimkaa," akasema Kindi. Herini? Alivaa herini? Alikumbuka pembe ya Kifaru, mdomo wa Kiboko, magoti ya Nyati. Uso wa Mwatumu hakuukumbuka.

Siku ya tatu hakungoja kuitwa. Alifikiria kukimbia. Msitu mkubwa, na kindi ni mdogo, nani atamwona? Lakini miguu ilimpeleka kwa Mama Tembo, na kila hatua aliiona simu nzito kama jiwe la kusagia.

Nje ya nyumba walikuwa wameshajaa, kamati nzima, na mikeka imetandikwa.

"Anakuja! Anakuja na picha! Kindi oyee!"

Mama Tembo akasema toka ndani, "Aingie yeye kwanza. Na ninyi ngojeni."

Kindi akaingia. Mama Tembo alikuwa amelala kiubavu, mguu umenyooshwa, banzi limeanza kulegea. Alikuwa ameoga na kujitanda kanga mpya, kama anayengoja mgeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nipe."

Kindi hakuwa na la kufanya. Akampa.

Mama Tembo akagusa kioo kwa ncha ya mkonga, taratibu. Kindi juu ya tawi. Akapitisha. Kindi na karanga. Akapitisha. Kindi, Kindi, Kindi. Alipitisha kwa uvumilivu kabisa, kama mtu anayepita vichaka akijua nyumba iko mbele.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mama..." Kindi alitazama sakafu. "Simu ilijaa."

"Ilijaa."

"Ni ndogo, Mama. Simu za siku hizi hazina nafasi, hata Mzee Kifaru anasema..."

Akaishia hapo. Picha iliyokuwa mbele ya Mama Tembo ilikuwa Kindi na karanga ileile, upande wa pili.

Mama Tembo hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Haya. Basi niambie kwa mdomo," akasema. "Wewe ulikaa mbele kuliko wote. Alipowekewa mkonga, alilia? Alikaza uso, au alicheka kidogo? Huwa anacheka akiogopa."

Kindi akatafuta kichwani mwake. Hakuna kilichokuwamo.

"Sikuangalia," akasema.

Nje Mjomba Kiboko akapiga kelele, "Zimeiva hukooo?"

Mama Tembo alikuwa amefika picha ya mwisho. Kindi anatabasamu, mkia umechanwa, nyuma yake lango la maua. Akataka kuipita. Kisha akasimama. Akaisogeza karibu na jicho. Pale ukingoni, nyuma ya bega la Kindi, palikuwa na kitu cha kijivu, na juu yake kitu cha shaba kinang'aa.

"Hili sikio," akasema Mama Tembo, "ni la Mwatumu?"

Kindi akatazama. Bibi harusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia langoni. Sikio moja. Herini moja. Vingine vyote alivifunika Kindi kwa kichwa chake.

"Ndiyo, Mama."

Mama Tembo alilitazama sikio lile muda mrefu. Kindi alitamani apigwe, apigwe hata kwa banzi, lakini hakupigwa. Kisha Mama Tembo akamrudishia simu.

"Nenda ukawaambie wenzako," akasema. "Wewe mwenyewe. Mimi mguu unaniuma."

Kindi akatoka nje. Akapanda ukingo wa ungo, maana Nyati alikuja nao, akawaambia. Kwamba kacha ilikuwa meno. Kwamba hakuna ndizi wala mvundiko. Aliwaambia kichwa kimeinama, na hakuna aliyecheka. Mzee Kifaru alikumbuka alivyovuta tumbo juani, akatazama pembeni. Shangazi Twiga akasema, "Na mama yake je?" Wakakunja mikeka mmoja mmoja.

Kindi aliposhuka, Nyati akausogeza ungo mbele yake, akaondoka.

Kindi akakaa chini pale pale uani, akaitoa simu. Akafuta. Kindi juu ya tawi, fyu. Kindi na karanga, fyu. Jicho linang'aa, mkia umekaa, fyu, fyu, fyu, mpaka zikaisha elfu nne ikabaki moja, yenye sikio. Hiyo akampelekea Mama Tembo kitandani, na simu yake yote, akamwachia.

Ilikuwa na nafasi tele, ya kutosha harusi kumi. Na Mwatumu alikuwa ameshavuka mlima.

Basi, hadithi yangu inashusha mzigo hapa, na neno lake ni hili: kabla hujasema chombo chako ni kidogo, kwanza tazama umekijaza nini.