Kiboko, Pimbi na Nafasi ya Katikati

Paukwa!

Pakawa!

Niwape, nisiwape?

Tupe, mama, tupe!

Haya, shikeni kwa mikono miwili. Na wewe uliyeinamia simu hapo nyuma, iweke mfukoni, maana hadithi ya leo inakuhusu. Naisimulia na hasira zangu, na sitaki mtu anibembeleze.

Zamani, lakini si zamani sana, maana mitambo ilikuwa imeshafika, nchi ya wanyama ilikauka. Mito ilikauka, visima vilikauka, hata mate yalikauka. Likabaki bwawa moja tu, nyuma ya majabali mawili marefu: jabali kushoto, jabali kulia, njia moja katikati. Wanyama wakakaa kikao, wakakubaliana njia ile iwekewe lango, na lango liwekewe mtambo. Ukifika unaandika kwa ukucha neno la siri la wote, nalo lilikuwa hilohilo: nenosiri, mtambo unasema tiii! lango linafunguka, unakunywa, unarudi zako nyumbani. Maji yalikuwa ya wote. Hilo liwekeni kichwani, maana ndilo ninaloligombea.

Lango likahitaji mlinzi. Kiboko akasema, "Mimi." Wakamuuliza, kwa nini wewe? Akasema, "Kwa sababu mimi ni mnene." Na wale wanyama, sijui walikuwa na akili gani siku ile, wakaona hiyo ni sababu.

Siku ya kwanza kazini, Kiboko alitafuta mahali pa kukaa, akakalia mtambo. Kwaaa! Mtambo ukafa palepale. Asubuhi wanyama wakakuta vipande vimetapakaa, na Kiboko yuko juu yake anatafuna majani.

"Mtambo uko wapi?" akauliza Swala.

"Mtambo ni mimi," akasema Kiboko. "Niambieni mimi. Hapa mnaingia kwa kitu gani?"

"Kwa nenosiri."

"Nenosiri ni neno moja au maneno mawili?"

Swala akamtazama Ngiri, Ngiri akamtazama Kobe. Hakuna aliyewahi kujiuliza. Walikuwa wakiliandika tu, huyu kwa kuliunganisha, yule kwa kuachia nafasi, na hakuna aliyekosa maji kwa ajili hiyo.

"Basi sikieni sheria," Kiboko akasema. "Neno moja, tita moja la majani! Maneno mawili, matita mawili! Asiyejua kuandika hanywi."

Sasa palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua, mfupi, hana mkia, lakini mdomo anao. Alikuwa na mwanawe mmoja aliyeitwa Kibonge, kwa kuwa alizaliwa mnono. Siku hizo jina halikumfaa tena. Mtoto alikuwa amebaki macho na masikio, midomo imepasuka, akilia machozi hayatoki. Pimbi akamwambia, "Tulia mwanangu, nakuletea maji sasa hivi." Akaenda mbali kutafuta majani katika nchi isiyo na majani, akaungaunga mpaka likapatikana tita, akalibeba kichwani, huyooo, mpaka langoni.

"Hodi, Bwana Kiboko. Nimekuja na nenosiri, neno moja. Na tita lake hili hapa."

Kiboko akalipokea. Kachu, kachu, kachu, likaisha. Akajifuta mdomo.

"Nani kakwambia ni moja? Hapo pana neno, halafu pana siri. Neno ni neno, siri nayo ni neno. Ni maneno mawili! Tita moja limepungua. Rudi nyumbani."

"Na hilo ulilokula?"

"Hilo ni adhabu ya kuharibu lugha."

Pimbi akarudi mikono mitupu. Kibonge akamtazama mikono. Kesho yake mama mtu akatafuta tena, safari hii mbali zaidi, akapata matita mawili, moja kichwani, moja mgongoni, huyooo, mpaka langoni.

"Hodi, Bwana Kiboko. Nimekuja na neno siri, maneno mawili. Na matita yake haya hapa."

Kachu, kachu, kachu. Kachu, kachu, kachu. Yote yakaisha.

"Maneno mawili?" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Wewe umesoma wapi? Nenosiri ni jina la kitu kimoja. Una manenosiri mangapi, wewe? Moja! Basi ni neno moja! Umeandika vibaya, rudi nyumbani."

Mnacheka? Mimi sicheki. Pimbi aliporudi alimkuta mtoto amelala kifudifudi, analamba jiwe, kwa kuwa jiwe la kivulini lina ubaridi. Analamba jiwe, na maji yapo! Pimbi damu ikamchemka. Akaenda kwa jirani zake akipiga kelele, kwee! kwee! "Ngiri, toka! Swala, toka! Kobe, toa kichwa hicho! Mpaka lini tunaonewa namna hii?"

"Tutafanyaje, mama Kibonge?" akasema Ngiri. Naye alikuwa amekonda, meno yamemzidi uso. "Ndiyo sarufi."

"Sarufi gani inayokula majani?"

Swala akasema labda wangojee wataalamu. Kobe akasema hata yeye amekuwa akifikiria jambo hilo, ila bado hajafika mwisho. Pimbi akawatazama mmoja mmoja. Akatamani kuwatukana, akakumbuka kwamba nao wana kiu. Akasema, "Kesho twendeni wote langoni. Nyinyi kazi yenu ni kusikiliza tu. Kusikiliza mnaweza?" Wakasema wanaweza.

Asubuhi wakaenda wote, na Kibonge mgongoni mwa mama yake. Pimbi akasimama mbele, akajiinua kwa miguu ya nyuma, bado hakufika kwenye goti la Kiboko.

"Bwana Kiboko, mkuu wa uandishi, sisi wajinga tumekuja kufundishwa. Tuambie mbele ya watu, tusikosee tena. Nenosiri ni moja au ni mawili?"

Kiboko akafikiri. Likiwa moja, ni tita moja. Yakiwa mawili, ni matita mawili. Hakufikiri sana.

"Mawili!" akasema. "Tangu leo hata milele. Nasi tuyaandike mbalimbali!"

Kobe akatoa kichwa taratibu. "Samahani, Bwana. Na hiyo mbalimbali yenyewe, ni moja au ni mawili?"

"Hilo si la leo," akasema Kiboko.

"Bwana mkubwa," akadakia Pimbi, "sisi tunasahau. Liandike hapahapa njiani, kwa magogo, kutoka jabali hili mpaka jabali lile, herufi nene kama wewe. Atakayepita aone, hata aliye mbali aone."

Kiboko akapenda hayo maneno. Akapenda zaidi ile ya unene. Akang'oa lango, akalitupa huko. Akaangusha miti, kwaju! kwaju! Akaunga herufi kwa kamba za miti, kila neno juu ya gogo lake moja refu la kuburuta, na matundu yote ya herufi akayaziba kwa miiba. Ile S ilimtoa jasho, akaiandika kinyume mara mbili. Mwishowe akaziburuta mahali pake, gu-gu-gu-gu, NENO likabana jabali la kushoto, SIRI ikabana jabali la kulia. Katikati pakabaki upenyo. Kiboko akaokota miiba auzibe.

"Aa, Bwana!" Pimbi akapiga kelele. "Ukiziba hapo, itakuwa ni neno moja. Na neno moja ni tita moja."

Miiba ikamdondoka Kiboko. "Kweli kabisa," akasema. "Iachwe nafasi."

"Sasa tukumbushe kodi. Atakayepita kwenye NENO?"

"Tita moja!"

"Atakayepita kwenye SIRI?"

"Tita moja!"

"Na nafasi nayo je?"

"Mjinga wewe, nafasi si neno. Nafasi ni hewa tupu. Hewa ina tita?"

"Mmesikia?" Pimbi akawageukia wenzake.

"Tumesikia," wakasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti moja.

Pimbi akamshika mwanawe, akainama, vupu! Wakapita katikati, kati ya O na S, wakawa upande wa pili. Swala akajikunja, vupu! Ngiri akarudi nyuma, akachukua mbio, vupu!

"Wezi!" Kiboko akanguruma. "Mmepita bila tita!"

"Hatukupita kwenye neno," Pimbi akajibu kutoka ndani. "Tumepita kwenye nafasi."

Kiboko akafura. "Nimebadili! Ni neno moja! Nenosiri, moja!" Akaisukuma SIRI kwa pua, gu-gu-gu-gu, ikaenda ikagota kwenye NENO. Nafasi ikafa. Lakini SIRI iliposogea kushoto, kule kulia, kati ya I na jabali, pakafunguka nafasi nyingine. Sungura na mumewe wakapita hapo, vupu! vupu!

"Na huko?"

"Huko ni mwisho wa neno," Pimbi akasema. "Nako ni hewa tupu."

Kiboko akapiga kelele, "Ni mawili!" Akairudisha SIRI kulia, gu-gu-gu-gu. Katikati pakafunguka. Vupu! "Ni moja!" Gu-gu-gu-gu. Pembeni pakafunguka. Vupu! Mawili! Gu-gu-gu-gu. Vupu! Moja! Gu-gu-gu-gu. Vupu! Jua likapanda, ngozi ya Kiboko ikaanza kumkauka, pumzi zikamwishia, na alikuwa bado hajajua nenosiri linaandikwaje.

Basi mara ya mwisho, nafasi ilipokuwa katikati, akasema, "Nawakomesha!" Akageuka, akaingia yeye mwenyewe kinyumenyume. Akapenyeza mkia, akapenyeza makalio, tumbo likafika, likasema mpwaaa, likasimama. NENO likabana kushoto, SIRI ikabana kulia, Kiboko katikati, kichwa nje, makalio upande wa maji asiyoyafikia.

"Nafasi nimeijaza!" akatamba. "Sasa ni neno moja! Pita, tuone!"

Waliobaki nje wakasimama. Kobe, aliyekuwa wa nyuma kabisa, akamzunguka, akamchunguza kutoka chini mpaka juu, akauliza kwa upole, "Bwana, sasa wewe ni neno, au bado ni nafasi?"

"Mimi ni nafasi! Nafasi yenyewe ni mimi!"

"Basi hakuna tita," akasema Kobe. Akamkanyaga pua, akaanza kupanda. Akapanda kichwa, akapanda shingo, akapita mgongoni polepole, hakuwa na haraka hata kidogo, akateremkia majini, chubwi! Nyuma yake wakapanda wote, twa-twa-twa, kwato kwa kwato, wengine wakikanyaga mahali walipokwisha kukanyaga kwa kuwa palikuwa pazuri kukanyaga. Walipokwisha kunywa wakarudi kwa njia ileile, matone yanawadondoka mdomoni, na Kiboko anayatazama.

Na Kibonge? Kibonge alikunywa. Alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, akajitapikia, akanywa tena. Mama yake akakaa kando ya maji, akalia sana, na sasa machozi yalitoka.

Jioni Pimbi akapanda juu ya Kiboko, akateremkia usoni, kibuyu mkononi. Kiboko midomo ilikuwa imepasuka kama ya yule mtoto.

"Mama Kibonge," akasema kwa sauti ndogo. "Nipe maji."

"Maji ni neno moja au maneno mawili?"

Kiboko akajipigia hesabu. Akisema moja, itakuwaje? Akisema mawili, itakuwaje?

"Sijui," akasema.

"Na majani yangu uliyakula," Pimbi akasema, "na ulikuwa hujui."

Akamnywesha. Nusu alimmiminia kinywani, nusu alimrushia usoni, kwa sababu hasira zilikuwa hazijamwisha. Wala usiniambie angemsamehe yote. Angesamehe vipi, na mtoto alilamba jiwe?

Kiboko akakaa pale mpaka alipokonda akachomoka, pwa! akaondoka bila kuaga. Mtambo mwingine haukununuliwa, wala mlinzi hakuwekwa.

Hapo ndipo hadithi ilipokata pumzi. Ikikukaa vizuri, ondoka nayo. Ikikubana, iache hapa nilipoketi.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye cheo asiulizwe. Akisema moja, semeni moja. Akisema mawili, semeni mawili. Akila majani yenu, mshukuruni kwa somo, mrudi nyumbani mkafe kiu kwa adabu, kama wanavyofanya wasomi. Wala msisikilize pimbi, maana pimbi ni mfupi, hana mkia, na hajui sarufi.

Nani anayecheka? Nimesema mnyamaze. Haya, mmoja wenu aniletee maji, koo limenikauka. Na atakayeniuliza yanaandikwaje, nitampiga kiatu.