Karatasi Isiyo na Jina la Juu

Wapendwa, mfikirieni mama mmoja wa kijiji cha mpakani, mtunza vyombo vya misiba. Majambazi walikivamia kijiji chake, na jeshi la nchi jirani likaja kusaidia. Majambazi wakakimbia, jeshi likabaki. Mwaka wa sita sasa kambi yake ilikuwa ndani ya shule, na mtoto wa mama huyu alisomea sokoni, juu ya meza za dagaa. Kila jioni mama alifungua daftari la mwanawe, akalinusa; lilinuka dagaa.

Kamanda wa jeshi hilo hakuwa mkali. "Serikali yangu imeniagiza hivi," alisema. "Mkileta karatasi moja, mmesaini pamoja, tunaondoka." Alisema huku akitabasamu, maana alikwisha kuwajua.

Kijiji kilikuwa na vyama viwili, na hakuna mwenyekiti aliyekubali kusaini chini ya mwenzake.

"Mimi nina watu wengi."

"Wengi? Labda umehesabu na kuku."

Basi kila mwaka zilifika kambini karatasi mbili, na kila mwaka kamanda alizirudisha kwa adabu.

Mama yetu alikuwa na haya. Mkutanoni hakuwahi kunyoosha mkono. Lakini kwao, matangani, mtunza vyombo akikupa kazi hukatai, hata uwe nani. Siku moja ya msiba, vyama vyote vikiwa vimekaa, alitandika karatasi ya manila mkekani, akalaza juu yake mfuniko wa sufuria kubwa la pilau, akauzungushia kalamu.

"Sainini kufuata mviringo huu, baba zangu," alisema kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti mmoja akainama. "Juu ni wapi?"

"Hakuna juu, baba."

Mjane mwenye msiba, macho bado mekundu, akacheka. "Leo mmepatikana."

Wakasaini.

Kamanda aliigeuza karatasi ile, akaigeuza tena, akitafuta jina la juu, mtu wa kumwita pembeni. Hakumpata. Wiki ya pili malori yakaondoka.

Ndipo wenyeviti wote wawili wakamfuata mama nyumbani. "Mama, mbona jina lako halikuwamo?"

"Ilibaki nafasi ya mtu mmoja," akajibu, "na jirani yangu alikuwa hajasaini."

Sasa niwaulize: miaka sita ile, ni bunduki zilizowaweka watoto sokoni? Bunduki hazikupigwa hata mara moja. Ni watu wazima wawili, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza.

Na sisi je? Tunawalaumu wageni mchana kutwa, lakini humu ndani tumekaa kwa vyama mpaka kwenye mabenchi. Nawaona kutoka hapa. Kila mmoja wetu anaye mtu ambaye hajamsalimia tangu uchaguzi. Sikuombi umpende leo. Ila tukimaliza ibada, mkikutana pale mlangoni, mpishe apite kwanza.