Kompyuta ya Salamu

Mla haba hudumu kazini. Mmeisikia mkacheka, mkadhani inawasema wanaobakiza ugali. Sogeeni niwaeleze. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa kwetu Busokelo, wala haikuanzia mezani.

Redio yetu ya kijiji ilitumia umeme wa jua. Kila sauti ilipita kwanza kwenye kompyuta, ndipo mtambo uirushe hewani. Ambokile, mkuu wa redio, alikuwa na kompyuta kubwa yenye feni inayovuma, na aliifunika kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Siku moja fundi wetu Sekela akaleta nyingine, ndogo kama sahani ya kikombe. Akili yake ilikuwa ya aina ile ile iliyomo ndani ya simu za mkononi, iliyozoea kuishi kwa chaji kidogo. Ambokile hakupenda kuidharau waziwazi, akaipa kazi ya kupiga muziki wa salamu. Habari nzito, alisema, zina kompyuta yake. Nasi tulikubali, maana mgeni wa heshima hakalishwi kwenye kigoda.

Ikaja masika, ukungu ukang'ang'ania juu ya migomba, jua likawa la kusimuliwa. Siku ya gulio mto ukachukua daraja. Watu walikuwa njiani kurudi kutoka sokoni, na katika ukungu ule huoni daraja mpaka umelikanyaga. Binti yangu Tupokigwe alikuwa kati yao, mtoto mgongoni. Nilikimbilia redioni.

Ambokile alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutangaza. Kompyuta kubwa ikavuma, ikazima.

"Betri imebaki na kidogo sana," Sekela alisema. "Kaka, tukiiwasha tena hatumalizi hata tangazo moja. Tuichomoe, hicho kidogo kiwe cha mtambo na ile ya salamu."

"Habari ya kufa na kupona niipitishe kwenye salamu?"

"Mwanangu yuko njiani, Ambokile," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akaichomoa kwa mkono wake mwenyewe.

Ile ndogo ikalichukua tangazo na kulirudia, likitanguliwa kila mara na muziki wake wa salamu, mpaka vijana walipofika mtoni na kuifunga njia. Tupokigwe aliusikia muziki ule kwenye redio ya muuza sabuni aliyekuwa mbele yake. Alidhani mama yake anamsalimu, akasimama asikilize. Maji yalikuwa hatua chache tu mbele yao.

Jioni Ambokile alihamishia kitambaa kwenye kompyuta ndogo, kikaimeza yote, tukacheka huku tunalia. Ndipo aliposema neno hili mnalolisikia.

Namshukuru Mungu, namshukuru Sekela, na Ambokile namshukuru kwa kuchomoa. Mtoto aliyekuwa mgongoni ni wewe, Lusekelo, mjukuu wangu, uliyeniuliza methali imetoka wapi. Mla haba hudumu kazini.