Nungunungu Alivyozika Mkaa Wenye Njaa

Paukwa, wanangu! Mbona pakawa yenu imelegea? Paukwa tena! Ehe, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale Nungunungu alimwoa Kanga. Msicheke! Mapenzi hayana macho. Walipendana sana, wakazaa vifaranga, ila shamba lao lilikuwa la mchanga, limechoka.

Kila baada ya mavuno Nungunungu alichoma mabua yakawa majivu. Upepo ukaja, ukayabeba. Akapanda, akapalilia, akangoja. Akavuna vigunzi vitupu.

Kanga akasema, "Mume wangu, nakupenda. Lakini msimu ujao tukikosa, nawachukua watoto narudi kwa mama."

Nungunungu akalia hadi miiba ikamtetemeka. Akamwendea Fuko, mchimbaji wa chini.

"Usingoje majivu, bwana," Fuko akamwambia. "Mabua yakishika moto vizuri, yafukie kwa udongo upate mkaa. Majivu hupeperuka, mkaa hukaa."

Nungunungu akafukia moto, akapata mkaa, akauponda, akauchanganya na udongo. Akapanda, akapalilia, akangoja. Mahindi yakaota ya manjano kama binzari!

"Fuko ameniroga!" akapiga kelele.

Kanga akawakusanya watoto, wakashika njia katikati ya shamba. Lakini kanga ni kanga, hapiti pasipo kuparura. Akaparura, akadonoa mkaa, akautazama. Akarudi mbio.

"Baba watoto! Huu mkaa una vishimo tele, na kila kishimo ni mdomo. Umealika wageni wenye njaa, wamekula chakula cha mahindi kilichomo udongoni! Walishe kwanza."

Wakapika mkaa mwingine, wakauloweka kwa samadi na mkojo wa jirani yao Ng'ombe. Nungunungu akaziba pua, mkewe akaimba:

*Kula, mweusi, kula,*
*ushibe ndipo tupande.*

Ukashiba. Wakauchanganya na udongo, wakapanda, wakapalilia, wakangoja. Mvua ikanyesha kidogo, ikakata. Mahindi ya majirani yakajikunja. Ya Nungunungu yakasimama kijani, maana mkaa ulikuwa umeshika maji na chakula penye mizizi.

Siku ya mavuno mama mkwe akafika, amekasirika, amekuja kumchukua binti yake. Akapewa hindi la kuchoma. Akala la pili. Akala la tatu. Kisha akauliza, "Mkwe wangu, mimi nitalala chumba gani?"

Basi wanangu, ukitaka ardhi ikulishe, ilishe kwanza.

Ngano yangu nimeipanda masikioni mwenu. Ikiota, mpalilie wenyewe.