Nukta Iliyobaki Shingoni mwa Kidawa

Hapo zamani, wala si zamani za majini na wafalme, ni hizi zetu za taa za umeme na simu mfukoni, alikuwepo mwanamke muuza mitumba jina lake Kidawa. Sogeeni, na msinikatize. Zamu yenu ya kusema itafika.

Kidawa alikuwa na sauti. Meza hakuwa nayo, alitandika turubai chini tu, lakini akipaza, "Chagua, jaribu, vaa uende zako!" hata aliyefuata vitunguu sokoni aliondoka na sweta. Sauti ile ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe wawili wadogo. Basi siku moja akajipapasa shingo, akakuta uvimbe. Hospitali wakampima, wakamwambia ni saratani ya tezi ya shingo.

Katika hospitali ile alikuwepo mkemia, Bwana Shekilindi, aliyetumia nusu ya umri wake kutengeneza chembe ndogo mno, ndogo kupita vumbi la unga. Chembe zile hudungwa mwilini, zikaitafuta saratani, zikaing'ang'ania. Kisha chumba kikitiwa giza na kuwashwa taa yake maalumu, saratani hung'aa kijani. Shekilindi akamwambia, "Mama, kitakachong'aa kitakatwa. Safari hii ugonjwa haujifichi." Kidawa akafurahi, akakubali.

Kabla ya upasuaji Kidawa alisema maneno mawili. Kwa mpasuaji, Daktari Tumsifu, alisema, "Daktari, usinirudishe kwa watu bila sauti. Bila sauti mimi si Kidawa." Kwa dada yake Mashavu alisema, "Dada, nataka kuwaona wanangu wakikua. Mengine yote wachukue." Yote mawili aliyasema kwa dhati. Nani kati yenu hajawahi kutaka mambo mawili yanayogombana?

Wakapasua. Taa zikazimwa, uvimbe ukang'aa, Daktari akautoa pamoja na vipande ambavyo macho matupu yasingeviona kamwe. Taa zikawashwa, kisha zikazimwa tena ili kuhakiki. Ikabaki nukta moja, ndogo kama mbegu ya mchicha, juu ya neva ya sauti.

Shekilindi, aliyesimama pale kando ya taa yake, akasema polepole, "Daktari, mara chache chembe zangu hung'aa hata penye uvimbe wa kawaida, usio saratani."

"Mara chache?"

"Mara chache."

Daktari akaenda mlangoni alikosubiri Mashavu. "Kuna nuru imebaki juu ya neva ya sauti," akamwambia. "Nikikata, sauti itaharibika. Nikiacha, ugonjwa huenda ukarudi." Lile la mara chache hakulisema. Mashavu akalia, akasema, "Kata, Daktari. Ana watoto." Daktari akarudi ndani, akakata.

Majibu ya maabara yakatoka. Uvimbe ulikuwa saratani kweli, na ulikuwa umeondoka wote. Ile nukta haikuwa saratani. Kidawa akapona, lakini sauti ikawa imekwenda, umebaki mkwaruzo wa kunong'ona. Alipotandika tena turubai lake sokoni, watu wakapita bila kugeuka. Inauma, jamani. Mimi naisimulia na bado inaniuma.

Siku moja wale watatu wakamfuata nyumbani, kila mmoja na mzigo wake moyoni.

Shekilindi akasema, "Lawama ni yangu. Nilikueleza uzuri wa chembe zangu, kasoro yake nikamwambia Daktari, tena wewe umeshalala. Ila bila chembe zile, vile vipande vingekuwa shingoni mwako hadi leo."

Daktari Tumsifu akasema, "Mimi niliambiwa kasoro hiyo, sikuifikisha kwa dada yako. Nilimwona analia, nikaona nisimwongezee. Na neno lako nilikuwa nalo, Kidawa. Nikaliacha, nikafuata la kwake."

Mashavu akasogea karibu. "Mdogo wangu, hakuna aliyejua kuliko mimi unavyoipenda sauti yako. Na mimi ndiye niliyesema kata. Wakiniuliza tena leo, naogopa nitasema kata."

Kidawa alikuwa amempakata mwanawe mdogo aliyelala. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akanong'ona, ikabidi wote wainame kumsikia.

"Mwenye kusema maneno mawili ni mimi. Kwa hiyo tuko wanne. Watatu nimewasamehe. Mmoja bado, moyo umekataa."

Hakumtaja. Wakaondoka, na kila mmoja alifika kwake akiamini ni yeye.

Haya, zamu yenu sasa, ninyi mlionyamaza muda wote. Mkemia aliyechelewa kusema, daktari aliyeficha, dada aliyeamua, na Kidawa mwenyewe aliyegawa moyo wake mara mbili. Je, kati ya hao wanne, nani hakustahili kusamehewa?