Wanaopita Hapa kwa Miguu

Akina mama, akina baba, sitawachosha. Nina mfano mmoja tu, halafu twende tukapike.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye binti asiyeweza kutembea. Kila asubuhi alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi shuleni, wakikatiza katikati ya shamba la mkonge lililoachwa zamani. Njia ile ilikanyagwa na watu miaka mingi hadi ikawa ngumu kama sakafu. Dakika kumi, wamefika. Njia nyingine ilikuwa barabara kuu, ya kuzunguka mbali, malori upande huu, mtaro upande ule, na pembeni hakuna hata pa kuweka mguu. Kiti hakikuweza kupita huko.

Shamba likauzwa. Mnunuzi akataka kujenga nyumba sitini ndani ya ukuta mmoja, na geti moja tu la kutokea barabara kuu. Kabla ya kuanza, akamwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano.

Sasa, ninyi mnajua tunavyokwenda mkutanoni. Tunatoka nyumbani na ndala, viatu vizuri viko kwenye mfuko. Tukikaribia, tunajibanza nyuma ya ua wa mtu, tunajipangusa vumbi, tunavaa viatu. Wale nao walifanya hivyohivyo. Mwenye mradi alipotazama mbele yake, aliona viatu vinavyong'aa.

Hakuwa mtu mbaya. Alitandaza mchoro mezani, akasema, "Ndugu zangu, humu sijaweka njia ya miguu. Nikiiweka, napoteza viwanja viwili. Sikatai kuvipoteza, ila nijue ni kwa ajili ya watu wangapi. Wanaopita hapa kwa miguu, wanyooshe mikono."

Yule mama akanyoosha. Akageuka nyuma. Mikono mingine yote ilikuwa mapajani.

Jirani yake, muuza vitumbua, akamvuta kanga. "Shusha mkono, mwenzangu. Unatutia aibu mbele ya wageni."

"Jana si tumepishana palepale, na beseni lako kichwani?"

"Jana bodaboda wangu alikuwa anaumwa."

"Na juzi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akakohoa, akasema mwanawe yuko mbioni kununua gari. Mwingine akasema yeye siku hizi hatoki sana.

"Basi, mama," mwenye mradi akauliza, "ni wewe peke yako?"

"Na binti yangu."

"Wawili." Akaandika. Uso wake ulionyesha amesikitika kweli. "Unisamehe, mama. Siwezi kubadili mchoro wote kwa watu wawili."

Mlitaka afanyeje? Aliuliza, akajibiwa.

Ukuta ukajengwa. Jumatatu ya kwanza barabara kuu ikajaa watu, kila mmoja na ndala zake, wakirukia ukingo wa mtaro kila lori lilipopiga honi. Muuza vitumbua alikuwa ameshamwaga nusu ya beseni. Alipopita mlangoni kwa yule mama, akamkuta amesimama, na binti amekaa kwenye kiti, amevaa sare ya shule, haendi popote.

"Umeona, mwenzangu?" muuza vitumbua akasema. "Hawa matajiri hawana huruma hata kidogo."

"Alituuliza," yule mama akajibu, akamgeuza mtoto, wakaingia ndani.

Wapendwa, mnamcheka muuza vitumbua? Msimcheke. Jumapili iliyopita kamati ya ujenzi ilitundika hapa mbele mchoro wa kanisa letu jipya. Mlangoni kuna ngazi tisa. Wakatuuliza, je, kuna atakayepata shida? Tukaitikia kwa sauti moja: hakuna, Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa benchi la tatu. Niliitikia na wenzangu, huku goti likiniwaka moto. Sikutaka kuonekana nimezeeka. Ninyi mlikuwa na sababu zenu, na wengine mmekaa hapa mmeshika kiuno.

Lakini aibu ile hatutailipia sisi. Sisi tutapanda, tutasimama katikati kupumua, tutafika. Ni nani hakuwepo hapa kujibu? Wale ambao hata ngazi mbili za kanisa hili zimeshawashinda. Wako nyumbani sasa hivi, na sisi tumeshajibu kwa niaba yao kwamba hawapo. Tunasema tunawaombea. Tunawaombea nini, kama tukiulizwa habari zao tunakaa kimya ili tuonekane wazima?

Mungu anajua haja zetu kabla hatujafungua mdomo. Fundi hajui. Kamati haijui. Hao lazima waambiwe.

Mchoro uko ofisini, na saruji bado haijaletwa. Kesho saa tatu asubuhi naenda kuwaambia kwamba niliwadanganya. Atakayekuja, tukutane hapo mlangoni.